Breki Isiyotumika: Mafunzo Niliyopata Chini ya Magari ya Umeme

Nimezeekea kwenye breki. Diski, pedi, ngoma na kalipa nilidhani nimezimaliza. Kisha magari ya umeme yakaanza kuingia Nairobi, mengi yakiwa Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani, na wenyewe wakaja na lalamiko lilelile la miaka yote: "Fundi, nikikanyaga breki, usukani unatetemeka." Lalamiko nililijua, dawa yake pia niliijua, ila dawa ikagoma.

Haya hapa chini ni yako, kijana unayejiandaa kufungua gereji ya magari ya umeme, maana najua utaifungua. Mengine nilifundishwa na wateja, mengine na vijana wangu wa gereji, na machache niliyalipia mwenyewe.

1. Jua kwanza ni nani anayesimamisha gari

Mwalimu mmoja wa Limuru aliniletea Leaf yake. Kila asubuhi akiteremka kwenda Mai Mahiu, usukani unamtetemekea mikononi. Wikendi akizunguka nayo mjini, imetulia tuli. Nikaichukua, nikaizungusha Industrial Area, nikakanyaga breki hapa na pale, sikuhisi kitu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba pengine ni barabara. Akanijibu, "Mzee, barabara hiyo hiyo naipita na matatu. Mbona matatu haitetemeki?"

Ikabidi niamke mapema tuteremke pamoja. Gari lilikuwa limechajiwa usiku kucha nyumbani kwake, betri imejaa pomoni. Kona za kwanza tu za mteremko, usukani ukaanza. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kwenye dashibodi: kipimo cha umeme unaorudi kwenye betri kilikuwa karibu hakisogei.

Gari la umeme lina breki mbili. Ya kwanza ni mota yenyewe: ukitoa mguu kwenye akseleta au ukikanyaga breki kidogo, mota inageuka jenereta, gari linapunguza mwendo na umeme unarudi kwenye betri. Ya pili ni ya pedi na diski, ile tunayoijua. Kompyuta ndiyo inayogawa kazi, na mara nyingi mota ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Lakini betri ikijaa, umeme hauna pa kwenda. Gari la tani moja na nusu likiteremka mita 500 lina takriban kWh 2 za kupeleka mahali fulani. Betri ikizikataa, pedi na diski ndizo zinazozimeza zikiwa joto.

Kwa hiyo diski mbovu ya Mwalimu ilikuwa mbovu siku zote. Mjini mota iliificha, mteremko ukaiumbua. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: inatetemeka betri ikiwa imejaa kiasi gani? Baada ya hapo namuuliza wapi, kwa mwendo gani, na je, ilikuwa asubuhi ya baridi? Betri baridi nayo hukataa umeme mwingi.

2. Tenganisha mota na pedi kabla ya kushika spana

Dereva mmoja wa teksi alikuja na mtetemo wa breki, nikambadilishia diski za mbele na pedi. Akalipa, akaondoka, akarudi kesho yake na mtetemo wake. Diski zile mpya ziling'aa vizuri sana, hilo ndilo jema pekee ninaloweza kusema.

Ugonjwa ulikuwa kwenye shafti. Sivijointi ya ndani upande mmoja ilikuwa imelika. Kwenye gari la petroli, jointi hiyo hulalamika zaidi ukiongeza mwendo. Kwenye la umeme, mota inapogeuka jenereta nguvu inapita kwenye shafti ileile kwa upande wa kinyume, na ni nguvu nyingi. Gari linatetemeka likipunguza mwendo, dereva anasema "breki," nawe unakimbilia diski ambayo haijaguswa na mtu.

Sasa nina majaribio matatu, na hayahitaji chombo chochote isipokuwa barabara iliyonyooka, tambarare na tupu.

La kwanza: nenda kilomita 80 kwa saa bila kukanyaga kitu kipya. Ikitetemeka hapo, ni balansi ya magurudumu, tairi au rimu. Breki iache.

La pili: kwa mwendo uleule, toa mguu kwenye akseleta bila kugusa breki, mota ipunguze mwendo yenyewe. Ikitetemeka hapo tu, kagua sivijointi na mauntini za mota.

La tatu: weka nyutro, kisha kanyaga breki taratibu. Kwenye nyutro mota haishiki, kwa hiyo kazi yote ni ya pedi. Ikitetemeka hapo, sasa fungua gurudumu.

Jaribio la nyutro lisifanywe kwenye mteremko hata siku moja. Huko unahitaji breki zote mbili.

Jambo jingine: kwenye baadhi ya magari haya, mguu wako haujaunganishwa moja kwa moja na mafuta ya breki. Pedali inapeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayosukuma. Ule mdundo wa pedali tuliouzoea unaweza usifike mguuni kabisa. Mikono ikihisi usukani, tatizo huwa mbele. Makalio yakihisi kiti, anza kukagua nyuma. Usicheke, ndicho kipimo cha kwanza cha fundi.

3. Usiihukumu diski kwa macho

Kwa miaka mingi nilisema "diski imepinda," nikaipeleka kuchongwa. Nilisema hivyo mara nyingi hata sikumbuki nilianza lini kuamini. Carroll Smith, mhandisi wa Marekani wa magari ya mashindano aliyefanya kazi kwenye mradi wa Ford GT40, aliandika makala nzima kupinga imani hiyo. Alichokuwa akikikuta ni mabaki ya pedi yaliyoganda kwenye diski kwa mabaka, hapa mengi, pale machache. Diski haikupinda, imepata unene usiolingana.

Nilipoanza kupima kwa mikromita, nilishangaa jinsi kosa lilivyo dogo. Tofauti ya unene ya mm 0.01 hadi 0.02 inatosha kutikisa usukani. Unywele wako mmoja ni mnene zaidi ya hapo mara kadhaa. Hakuna jicho linaloona hivyo, wala kidole.

Namna inavyotikisa ni hii. Sehemu nene ikipita kati ya pedi, inazisukuma pedi nje na nguvu ya kushika inaongezeka. Sehemu nyembamba ikipita, nguvu inapungua. Tairi la Leaf lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kwa kilomita 80 kwa saa gurudumu linazunguka mara 11 kila sekunde. Mtetemo unakwenda na mwendo, ukipungua kadiri gari linavyopunguza mwendo. Ukikuta mtetemo usiofuata mwendo wa gurudumu, tafuta kwingine.

Pima unene wa diski sehemu nane kuizunguka, ukiwa umbali uleule kutoka ukingoni. Halafu funga saa ya kupimia, ile yenye sindano, kwenye nguzo ya gurudumu, zungusha diski polepole, uone inavyoyumba. Kitabu cha gari kina kiwango chake; kwa magari mengi madogo ni kati ya mm 0.05 na 0.1. Andika namba kwenye karatasi. Fundi asiye na namba anapiga ramli.

4. Adui anakaa nyuma ya diski

Hili nilifundishwa na kijana wangu wa gereji, na sikufurahi siku hiyo. Tulikuwa tumefunga diski mpya, saa ya kupimia ikaonyesha inayumba kupita kiwango. Nikaanza kumlaani aliyetuuzia Kirinyaga Road. Kijana akaifungua tena kimya kimya, akachukua brashi ya waya, akasugua uso wa habu mpaka chuma kikaonekana, akapitisha msasa kuzunguka kila stadi, akairudisha diski ileile. Sindano ya saa ikatulia.

Hesabu yake ni rahisi. Uso wa habu ni mdogo kuliko diski. Punje ya kutu ya mm 0.05 iliyokwama pembeni mwa habu inaweza kuwa mm 0.1 kwenye ukingo wa diski, kwa kuwa ukingo uko mbali zaidi na kitovu. Diski mpya na nzuri inakuwa mbovu kabla haijatoka gereji.

Kilichonishangaza ni kwamba gari kama hilo halitetemeki siku ya kwanza. Mteja anaondoka ameridhika. Lakini diski inayoyumba inaigusa pedi kidogo kila mzunguko, hata kama breki haijakanyagwa, na inalika pale pale kidogo kidogo. Kwenye gari la petroli, kukanyaga breki mara kwa mara kunasaidia kusawazisha. Kwenye la umeme mota ndiyo inayoshika, pedi inabaki kulamba upande mmoja kilomita maelfu. Miezi ikipita, unene umeshatofautiana, mteja anarudi, nawe unalaumu diski.

Nati zina lawama yake pia. Mashine ya upepo ni nzuri kwa kufungulia. Kwa kufungia, inakaza nati moja kupita kiasi na nyingine nusu, na habu inaivuta diski upande. Kaza kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hatua mbili, ukimalizia na spana yenye kipimo. Magari mengi ya saluni ya Kijapani ni takriban Nm 100 hadi 115, ila soma kitabu cha gari lenyewe. Na mwambie mteja akipata pancha barabarani apitie kwako nati zikazwe upya. Kazi nzuri nyingi ya breki imeharibiwa na mtu wa pancha mwenye haraka.

5. Breki isiyotumika huugua

Bwana mmoja kutoka Nyali, Mombasa, alijivunia kwamba pedi zake ni zilezile zilizokuja na gari. Nikazipima, kweli zilikuwa nene. Pedi za gari la umeme kupita kilomita 100,000 si ajabu. Lakini diski zilikuwa na kutu yenye umbo kamili la pedi, pale gari lilipokuwa likiegeshwa siku nyingi karibu na bahari. Pini za kalipa zilikuwa zimekwama, na pedi ya ndani ikishika peke yake.

Hapa ndipo iliponibidi niubadilishe ufundi wangu wote. Nilizoea breki zinazokufa kwa kazi nyingi. Hizi zinakufa kwa kukaa bure. Chumvi na unyevu vinakula chuma ambacho hakisuguliwi, na kutu haili diski sawasawa, kwa hiyo unapata unene usiolingana bila kukanyaga breki. Watengenezaji wanalijua hilo. Volkswagen walilipa gari lao la umeme la ID.3 breki za ngoma nyuma, na sisi tuliodhani ngoma ni za magari ya babu tukabaki tumetumbua macho. Ngoma imefunikwa, maji na chumvi havifiki ndani kirahisi, na kwa gari ambalo mota inafanya kazi nyingi, inatosha.

Ushauri wangu kwa mwenye gari: mara moja kwa wiki, ukiwa kwenye barabara tupu na tambarare, weka nyutro ukiwa kilomita 60 kwa saa na ukanyage breki kwa nguvu ya wastani mara chache. Diski zitang'aa. Anayeishi pwani afanye hivyo mara nyingi zaidi, hasa baada ya kuosha gari.

Ushauri wangu kwako fundi: usisubiri pedi ziishe ndipo ufungue. Kila mwaka fungua magurudumu yote, chomoa pini za kalipa, zisafishe, zipake grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Ile grisi ya kawaida ya kopo huvimbisha mpira wa pini, na baada ya muda pini hukwama vibaya kuliko mwanzo.

6. Pedi mpya hazizoei zenyewe

Kwenye gari la petroli, mteja akiondoka na pedi mpya, msongamano wa Thika Road unazizoesha kwa ajili yako. Kwenye la umeme, mota inaziwahi. Pedi zinakaa wiki nyingi zikigusa diski kidogo tu mwishoni, gari likikaribia kusimama. Hazipati joto la kutosha kupaka ile ngozi nyembamba, sawa pande zote, ambayo diski inaihitaji. Siku mteja anapokutana na mteremko, pedi zinapata joto la ghafla na kuacha mabaka.

Kwa hiyo mimi huzizoesha mwenyewe kabla ya kurudisha ufunguo. Barabara tupu asubuhi, nyutro, kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, mara kama kumi, nikiziacha zipumue kati ya moja na nyingine. Halafu naendesha bila kugusa breki ili zipoe. Kosa kubwa ni kusimama huku mguu uko kwenye breki zikiwa za moto: pedi inajipiga chapa pale pale, na chapa hiyo ndiyo mtetemo wa kesho.

7. Gari kuruka mbele si mtetemo wa diski

Wateja wa barabara za vumbi huja na lalamiko la aina yake: wakikanyaga breki kwenye mashimo au matuta madogo, gari linatikisika kisha linakuwa kama limeachiwa. Gurudumu likiteleza au likiruka, ABS inaiambia mota iache kushika mara moja na pedi zichukue kazi. Katika kubadilishana huko dereva anahisi kitu. Mwaka 2010 Toyota iliyaita gereji magari yake ya haibridi zaidi ya 400,000 duniani, yakiwemo Prius, ili kurekebisha programu ya ABS kwa sababu ya hisia hiyo hiyo kwenye barabara mbaya. Dawa ilikuwa kwenye kompyuta, hakuna diski iliyobadilishwa.

Kabla ya kulaumu programu, shika jeki. Betri ya Leaf peke yake ina karibu kilo 300, na ukikanyaga breki uzito unasukumwa mbele juu ya bushi za mkono wa chini. Bushi iliyopasuka inaachia gurudumu licheze huku na huku. Bushi mbovu haianzishi mtetemo, ila huukuza. Nimeona diski yenye kasoro ndogo, isiyosikika kwenye gari lenye bushi nzima, ikitikisa usukani wa gari lenye bushi zilizokufa. Zikague kila mara, pamoja na boljointi na ncha za usukani, kisha upeleke gari alaimenti.

8. Mashine ya kuchonga ina siku zake

Nilikuwa nachonga karibu kila diski inayotetemeka. Sasa nachonga kwa nadra: diski ikiwa na kutu ya juu tu, ikiwa juu ya unene wa chini ulioandikwa ubavuni mwake, na habu imeshasafishwa. Ikiwezekana, ichongwe ikiwa imefungwa kwenye gari lenyewe, ili ilingane na habu yake.

Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Ulaya, kupitia kanuni za Euro 7 zilizopitishwa mwaka 2024, wameweka kikomo cha vumbi linalotoka kwenye breki kwa mara ya kwanza: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari madogo mengi, na 3 kwa yale ya umeme mtupu. Njia moja ya kufikia hapo ni diski zilizopakwa tabaka gumu lisilolika wala kushika kutu kirahisi. Ukiipeleka diski hiyo kwenye mashine ya kawaida, unakwangua kile hasa ambacho mteja alilipia. Kenya inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka minane. Fanya hesabu uone diski hizo zitafika lini kwako, na uanze kusoma sasa.

9. Lipisha upimaji

Nilichelewa sana kujifunza hili. Ilikuwa aibu kumtoza mtu pesa bila kumpa kitu cha kubeba mkononi. Kwa hiyo nilibadilisha vipuri ili bili ieleweke, hata pale ambapo saa moja ya kupima na dakika chache za brashi ya waya zingetosha. Mteja alilipa zaidi, gari lilipona kidogo, nami nikajiita mkarimu.

Siku hizi bili yangu ina mstari wa kwanza: kupima. Nampa mteja karatasi yenye namba za unene wa diski, za kuyumba kwake, na matokeo ya majaribio matatu ya barabarani. Wengine hulalamika mwanzoni. Mwalimu wa Limuru aliikunja yake akaiweka kwenye dashibodi, na mwaka uliofuata akaja nayo tulinganishe namba. Diski ilikuwa imelika mahali pamoja zaidi kidogo kuliko pengine. Tukaikuta mapema, tukasafisha habu, hatukununua kitu.

Nunua saa ya kupimia kabla ya kununua mashine ya upepo.